Viazi vya Kiseke Vilifika na Moto

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima. Mke wangu Tabitha naye ni mzima, ila tumbo limekuwa zito na kila ngazi anaipanda kwa kupumzika. Mungu akijalia, mwezi ujao utakuwa bibi.

Siku ya safari niliijazia kurasa mbili katika shajara yangu. Hapa naandika yanayokuhusu wewe.

Unakumbuka pale uwanja wa ndege Mwanza, dada wa mizani aliponyanyua kapu lako?

"Mama, humu mna nini?"

"Viazi na sato wa kuchoma. Mwanangu anakwenda Dar."

Akacheka. "Dar hii hii? Huyu atafika kabla hajasikia njaa! Ndani watampa soda."

"Soda ni chakula, binti?"

Mimi sikucheka. Nilijua umenipikia kama siku zote za treni, chakula cha kunifikisha Dodoma. Kisha ukanishika mkono: "Mjukuu nitamsikia kwa barua tu. Treni goti haliwezi, na ndege sipandi. Treni ikiharibika unashuka. Ndege ikiharibika unashukia wapi?" Tiketi nilikatiwa na ofisi, na mimi mwenyewe nilikuwa naogopa.

Tulipopaa niliona mawe, ziwa, na kisiwa nilichodhani ni chetu, kisha mawingu matupu. Rubani alitangaza kwamba kwa kukata moja kwa moja angani, Mwanza hadi Dar ni kilomita mia nane na kitu. Tulitumia saa moja na nusu. Nilipofika nyumbani niliweka kapu mezani, nikaenda kunawa. Nikamsikia Tabitha: "Nani anachoma samaki hapa jirani?"

"Hakuna. Fungua kapu."

Akafungua kitenge, akafunua majani ya mgomba, akaweka kiganja juu ya kiazi.

"Hivi vimepikwa wapi?"

"Kiseke, pale Mwanza, kwa mama mdogo. Mama amepika leo asubuhi."

"Leo?"

Akakishika kile kiazi kwa mikono miwili, asikile. Unajua mama yake hayupo tena, na huu ni uzazi wa kwanza. Akasema polepole, "Kumbe mama hayuko mbali."

Nikatazama saa. Meli yako ya kurudi kisiwani kwetu ilikuwa bado haijagusa Nansio. Sisi tunakula chakula chako Dar, nawe hujafika kwako!

Siku hizi hata minofu ya sangara wa ziwa letu inapanda ndege mpaka Ulaya. Sangara apande, mama yangu abaki? Swali lako la kushukia bado sina jibu lake, Mama, nami sitakudanganya. Lakini tiketi yako nimeshaikata, na mama mdogo atakusindikiza mpaka kwa yule dada wa mizani. Tabitha anakungoja. Hataki mikono mingine imwogeshe mtoto.

Msalimie kaka Bwire anayekuchungia mbuzi, na mama mdogo aliyetuachia jiko lake. Mzee jirani mshona nyavu, ambaye najua ndiye anayekusomea, shikamoo yake. Tafadhali asiruke pale pa Tabitha na kiazi.

Siku ya safari lipumzishe goti, usipike. Lakini nakujua. Basi pika, Mama. Tutakipokea kikiwa na moto.

Mwanao,
Magesa