Cheti Nilichokuficha

Mwanangu Yustina,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuita hivyo, lakini kwa miaka kumi na saba sikukuita vingine, na mdomo umegoma kubadilika.

Leo nimepita ukumbi wa parokia nikakuta picha ya safari yenu imebandikwa ukutani. Vijana kumi na wawili mbele ya kanisa la wenzetu wa Ujerumani, nawe katikati, umefunga kitenge nilichokuchagulia. Nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka mama anayefagia akaniuliza kama nimefiwa.

Unakumbuka tulivyoanza kuiandaa safari ile? Padri alinipa kazi ile kwa kuwa mimi ni mlezi wa vijana, nawe ulikuwa katibu. Jioni tulikaa mezani kwetu Nzuguni, wewe na daftari, mimi na simu, tukiwasumbua wazazi walete vyeti vya kuzaliwa ili watoto wao waombewe pasipoti. Ulijifunza kusalimia kwa Kijerumani huku unasonga ugali. Tulicheka sana siku zile. Na kila ulipouliza, "Mama, cha kwangu je?" nilijibu, "Nakitafuta." Hakikuwa kimepotea. Kilikuwa chini ya godoro langu.

Nilipanga nikipeleke mwenyewe kwa afisa wa uhamiaji, nimweleze pembeni. Lakini siku ile foleni ilikuwa ndefu, Padri akapiga simu, nikakuachia bahasha yenye cheti ikiwa imefungwa, nikatoka nje kumsikiliza, na huku nyuma jina lako likaitwa. Niliporudi, afisa alikuwa ameshafungua bahasha.

"Mama yako, Rehema, amekuja? Anatakiwa asaini hapa."

"Mama yangu anaitwa Paulina," ulisema. "Huyu hapa."

"Cheti kinasema Rehema."

Uligeuka ukaniangalia. Rehema ulimjua: dada yangu marehemu, uliyeambiwa ni mama yako mkubwa, ambaye kila mwaka tulikwenda Chamwino kupalilia kaburi lake. Hukupiga kelele. Ulisubiri tukafika nyumbani, ndipo ukasema, "Umeniacha nipalilie kaburi la mama yangu kama la mtu baki."

Niliogopa ukijua hutakuwa wangu tena.

Bibi yako alikuja kuapa mahakamani kuwa mimi ndiye mlezi wako, pasipoti ikatoka. Nami nilikuwa nisafiri nanyi. Nilimwambia Padri presha imepanda, atafute mlezi mwingine. Presha ilikuwa sawa kabisa. Sikutaka tu ulazimike kukaa karibu nami kwenye ndege.

Mliporudi, wazazi tulijaa uwanja wa kanisa. Wenzako waliwarukia mama zao shingoni. Wewe ulikuja taratibu, ukainama kidogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," nikaitika. Ningesema nini kingine mbele za watu? Halafu ukapakia begi lako kwenye gari la mjomba, mkaondoka kwenda Chamwino kwa bibi. Hujarudi mpaka leo, na simu zangu hupokei. Chumba chako sijakigusa. Wakati mwingine napika ugali wa watu wawili, nakumbuka nikiwa nimeshaupakua.

Sikuombi urudi. Nilikunyima mama yako, hata kisa chake kimoja sikukupa, basi pokea hiki. Rehema alikuwa mcheshi, anacheka kabla hajafika mwisho wa anachosimulia. Jina lako alilichagua yeye, si mimi. Siku uliyozaliwa alikuwa amechoka sana, akaniita kando ya kitanda pale wodini, akasema, "Paulina, nishikie mtoto kidogo, nijinyooshe."

Nikakupokea. Hakuamka tena, na mimi sikupata wa kumrudishia.

Nisalimie bibi. Ukae salama, mwanangu.

Mama yako mdogo,
Paulina