Wadudu Wote Wamekwisha

Mwenzangu, pokea simu. Nimekwisha.

Unajua jana nilianza kuwafundisha wale wa kujitolea kupima afya ya kijito. Niliwaambia kwa mdomo wangu huu, "Kazi yetu ni wadudu. Geuzeni mawe, watafuteni." Nikasema wadudu ndio watakaotuambia kama maji ni mazima. Nikadhani wameelewa.

Leo asubuhi tumerudi. Nageuza jiwe, hakuna kitu. Nageuza lingine, hakuna kitu. Visamaki vinaelea matumbo juu.

Nikauliza kulikoni. Mama mkwe, si unamjua, ndiye kiongozi wao, akaja uso umechanua. "Mwanangu, tumekurahisishia. Jana ulipoondoka tulimwaga dawa ya kuua wadudu, ile ya shambani. Wadudu wote wamekwisha."

Wadudu wote wamekwisha. Na wenzake wakapiga makofi.

Mimi nasema wadudu, wale wanaoishi maji yakiwa safi, wao wanasikia wadudu wa homa na kuharisha. Neno ni lilelile. Nimlaumu nani?

Nimemtuma mume wangu mbio kule chini awazuie watu wasichote maji. Nampigia, hapokei. Nakuandikia huku nampigia tena.

Mama mkwe sijamwambia. Nitaanzia wapi, mbele ya watu wote wale, na bado wananishukuru?

Sasa hivi kanigusa bega. Anauliza kile kijito kingine tunakwenda saa ngapi, maana dawa imebaki nusu dumu.