Tulipoufuata Mfereji

Madinat Sultan Qaboos, Maskati
20 Juni 2024

Mwanangu Balqees,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya. Mimi mzima, presha imeteremka, magoti ndo yale yale. Mjukuu wangu Alaa, kikohozi kimemwachia?

Nimesikia kwa kaka yako Asaad kuwa mumeo Mutasim kazi zimembana kwenye karakana huko Ghala, hendi tena safari, na wewe bado unataka kwenda. Hispania! Na watoto watatu, peke yako, ukaendeshe gari milimani. Kwani hapa hakuna milima? Wapeleke Qantab wakaoge pwani, jioni mrudi kwenu.

Safari hii mimi sikupi radhi. Ukienda usinipigie simu, sitapokea. Nnasema nikiwa na akili zangu. Mkipotea huko, nani atakujueni?

Mama yako,
Mahfoudha


Granada
26 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na joto hili la Maskati? Sisi wazima sote. Kikohozi cha Alaa kimekwisha tangu Jumamosi.

Nimepiga simu mara nne, hukupokea. Sikulaumu, ulishasema. Basi naandika kwa mkono, naipiga picha barua, namtumia dada Wadha akusomee hapo nyumbani. Mwambie asiruke kitu.

Mutasim mwenyewe ndiye aliyesema, "Nendeni." Miaka mitatu sasa watoto wananisikia nikiwaambia mwakani, mwakani. Maha, mkubwa wao, ametimiza miaka kumi na moja. Nikingoja sote tuwe na nafasi, atakuwa ameolewa.

Leo asubuhi tulikuwa kwenye kasri la wafalme wa Kiislamu wa zamani. Kuta zote zimeandikwa Kiarabu. Humam akasimama akaanza kusoma kwa sauti, kama yuko kwa mwalimu wake wa Qur'ani. Kugeuka niangalie: wageni kumi wamemzunguka, wanamsikiliza, wanadhani ni mwongoza watalii. Bibi mmoja akampa peremende. Alaa akaniuliza, "Mama, nani aliyewaruhusu kuandika ukutani?"

Ningependa uwepo. Kesho kutwa tunakwenda milimani. Nipe radhi, Mama.

Mwanao,
Balqees


Kijijini, milima ya Granada
1 Julai 2024

Mama,

Shikamoo tena. Natumai umeamka salama na dawa umekula. Wadha kaniambia barua ya kwanza uliisikiliza mpaka mwisho, kisha ukaenda kumwagilia maua.

Hii nayo isikilize mpaka mwisho, maana ni khabari uliyoiogopa. Jana tulipotea.

Tulitoka saa tatu asubuhi, chakula na maji tunayo. Saa sita wingu likashuka, zile alama za rangi za kuonyesha njia kwenye mawe hatuzioni tena. Mara tukakuta mfereji wa maji umechimbwa ubavuni mwa mlima, sawasawa na falaji ile inayonywesha mashamba kijijini kwa marehemu Baba. Nikasema, "Tumepona!" Unajua kwa Baba: ukiwa mashambani unataka watu, unapanda kuelekea maji yanakotoka, ndiko kwenye msikiti na nyumba za kwanza. Basi nikawapandisha. Tukaenda saa nzima na dakika ishirini. Hapana msikiti, hapana nyumba. Mbuzi tu.

Maha akasimama. "Mama, hapa si kwa babu. Haya maji yanatoka kwenye theluji. Kwenye theluji hakai mtu."

Niliona haya, Mama. Nilitembeza watoto saa nzima kwa kujifanya najua.

Humam akaanza kulia, "Bibi alisema tutapotea!"

Maha akamwambia, "Bibi hakusema tukae hukuhuku. Inuka."

Nikambeba Alaa mgongoni tukageuka. Tukateremka na maji, hatua kwa hatua, hata tukamkuta mzee ana jembe na saa mkononi, anafungulia maji shamba lake. Lugha hatuelewani. Maha, anayezijua zamu za maji za kwa babu yake, akachora kwenye tope: hili shamba, hili la jirani, zamu yako, zamu yake. Mzee akacheka, akamkabidhi jembe, na saa yake ilipotimia akamwachia yeye Maha ayafunge. Kisha akatuonyesha mapaa ya kijiji chini yetu. Saa kumi na moja tulikuwa kitandani na miguu juu.

Ningeweza kukuficha. Sikutaka. Ukisema ulisema, una haki yako.

Lakini watoto wanataka kupanda tena, mpaka maji yanapoanzia, na yule mzee kakubali kutuongoza. Nimekwisha kaidi mara moja, mara ya pili sikaidi. Bila ya neno lako siwapandishi. Tutakaa hapa mpaka Ijumaa nikikungoja.

Mwanao,
Balqees


Maskati
4 Julai 2024

Balqees mwanangu,

Salamu kwako na kwa wajukuu zangu wote. Mimi sijambo. Niliacha kula siku moja kwa hasira, Wadha akanitishia daktari.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Mara ya tatu palikuwa na Asaad. Kasema, "Si nilimwambia?" Nikamjibu, "Aliyejua kakosea njia, akageuka na watoto watatu akawafikisha wote, huyo hakupotea. Kunywa kahawa yako."

Sasa nisikilize. Mwaka 1975 baba yenu alitangulia Maskati, mimi nikamfuata kutoka Unguja na watoto wawili, peke yangu. Mama yangu hakutaka. Alininunia. Barua yake ya kwanza niliipata baada ya miezi saba. Kila wiki nikenda posta, narudi mikono mitupu. Hili sijapata kukwambieni.

Juzi Wadha kaniuliza, "Mama, na sisi tumngojeshe miezi mingapi?" Nikaomba kalamu.

Radhi zangu unazo, za ile safari ya mwanzo na za hii. Wavishe masweta. Wapandishe.

Mama yako,
Mahfoudha


Mlimani
5 Julai 2024, saa tisa kasorobo mchana

Mama! Shikamoo, na salamu zingine nitakuletea mwenyewe.

Tumefika. Theluji ipo, Julai hii, imelala kwenye kivuli cha mawe na maji yanachuruzika chini yake. Alaa kapanda kwa miguu yake. Alipotia mkono majini alipiga ukelele mbuzi wote wakakimbia. Tumetawadha kwa maji hayo, meno yanagongana, Humam akaadhini Adhuhuri na majabali yakawa yanamrudishia sauti. Mzee wetu akavua kofia.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Juu yangu hakuna mlima uliobaki kupanda.

Mwanao