Chumvi Imefika Kisimani kwa Mama

Jumamosi, jioni. Mawingu yametanda hapa Chumbageni, Tanga, toka asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Mwili umechoka, moyo umechoka zaidi.

Leo nilikuwa Pangani, kwenye mkutano wa watumia maji wa mto. Nilikwenda kumsindikiza mama, anayeishi kando ya Mto Pangani, juu kidogo ya mji. Zamani bahari ikijaa iliusukuma mto kidogo, halafu mto nao ukairudisha bahari kwake. Siku hizi mto hauna nguvu hiyo. Mvua zinachelewa, huko juu kuna mabwawa na mashamba ya kumwagilia, na maji yanayobaki kutufikia ni machache. Kwa hiyo maji ya chumvi yanapanda tu.

Minazi imekatika vichwa, imebaki kama nguzo. Pale tulipokuwa tukilima mpunga pameota mikoko. Kisima nacho kimeharibika. Maji ya kunywa mama analetewa kwa madumu na bodaboda, ya kisimani anatilia udhu. Anasema maji ya chumvi ni twahara, ila macho yanawasha.

Nikiri tu. Nilikwenda na hasira zangu, nikitaka nimwone kwa macho huyo mtu anayetumalizia maji.

Nikamkuta shemeji Rajabu.

Ni mdogo wa mume wangu. Analima nyanya kule Korogwe, kando ya mto huohuo, na wenzake walimtuma aje kuwasemea. Kila akipita Tanga huniachia nyanya, nazo nimezila bila kujiuliza zimenyweshwa nini. Alipomwona mama aliinuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

Wakakaa benchi moja, mimi katikati yao, nisijue niegemee upande gani.

Hoja ilikuwa moja. Kiangazi, mashine za kuvuta maji huko juu zizimwe siku mbili kila wiki, mto upate kushuka mpaka mwisho wake. Mkulima mmoja akauliza kwa nini wateseke kwa ajili ya maji yanayokwenda kumwagika baharini bure.

Mama hajawahi kusema mkutanoni maisha yake yote. Alisimama, akaweka sawa mtandio wake.

"Kabla ya bahari niko mimi, baba. Wapo na samaki wanaopanda kuzalia mtoni. Sote tunaishi kwa hayo mnayosema ya bure."

Rajabu hakubishana naye. Alisema taratibu kwamba nyanya zake ziko kwenye maua, zikikosa maji sasa maua yatapukutika, na shamba jingine hana. "Simnyimi mama maji," alisema. "Hata mimi jua linaniunguza."

Alikuwa anasema kweli. Mama pia alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonivunja. Hasira niliyotoka nayo nyumbani sikupata mahali pa kuitua.

Mikono ilipoinuliwa kukubali, wa Rajabu uliinuka mwisho kabisa.

Lakini uliinuka.

Nilidhani nitafurahi. Tulipotoka nje nikamsikia akiongea na mkewe kwenye simu, wachague matuta ya kuokoa, mengine wayaache. Alikuwa ametupa mgongo.

Mama akamfuata mtaalamu wa maji aliyeongoza mkutano, akamuuliza kisima chake kitarudi lini. Yule bwana hakumdanganya. Mashine zikizimwa kweli, na mvua zikija, chumvi itarudi nyuma taratibu. Lakini ardhi iliyokwisha kunywa chumvi inachukua miaka kusafika, na bahari yenyewe inazidi kupanda. Kisima hakuweza kumwahidi.

"Basi nimewaombea watakaokuja," mama alisema.

Hakulisema kwa uchungu, na afadhali angelisema kwa uchungu. Akamshukuru, akaenda kumuaga Rajabu. Akamshika mkono muda mrefu, akamwombea Mungu amlindie nyanya zake. Shemeji akaitikia amina kwa kichwa tu.

Nikamrudisha kwake kwa gari. Tulipofika, kabla sijashuka kumfungulia mlango, akasema, "Nitakuja kukaa kwako. Mwezi ukiandama."

Tangu baba afariki nimekuwa nikimbembeleza ahamie Tanga. Nimebembeleza kwa maneno mazuri, nimetuma hadi wajomba, na kila mara aliniambia nimwache na mto wake. Leo amekubali mwenyewe, wala sikumuuliza.

Sijafurahi hata kidogo.

Nimerudi, nimefungua chumba kile cha uani nitakachompa. Nimekaa kitandani nikatazama nje kama atakavyotazama yeye akiamka. Dirisha linaangalia ukuta wa jirani, na juu ya ukuta kuna vipande vya chupa. Nitamwambiaje mama kwamba hapa ndipo nilipokuwa nikimwitia miaka yote hii?