Picha ya Utosi Wangu Imezagaa Mtandaoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke mpaka umalize kusoma, maana mimi ni fundi wa lifti hapa Addis Ababa, nywele zilianza kunikimbia utosini mwaka jana, na kwa kuwa nina mchumba, Meklit, nikaona nizirudishe kimyakimya kabla wazee wangu hawajaenda kwao kuposa, basi nikapata duka moja mtandaoni linalouza mafuta ya kuotesha nywele, wakaniomba jina kamili, simu, kitambulisho na picha ya utosi, nikawapa vyote kama mtu anayeungama kwa padri.

Mafuta hayakuotesha hata unywele mmoja, ila juzi wameweka picha yangu kwenye ukurasa wao, jina langu chini yake, wameandika “Kabla”, na pembeni, “Baada”, kichwa cha kijana mwingine chenye nywele kama msitu. Sasa napigiwa simu na watu nisiowajua, huyu anauza meno ya bandia, yule dawa za nguvu za kiume, na kazini wananiita Bwana Kabla. Meklit akanionyesha picha ile, akaniuliza taratibu, “Huyu ni wewe?” Nami sijui nilipatwa na nini, nikamwambia ni mtu tuliyefanana majina, wakati kovu langu la utotoni linaonekana palepale na yeye analijua. Akanimiminia kahawa, na hajauliza tena.

Tena kuna mama jirani yetu, Weizero Alganesh, kama mnavyosema Bibi Alganesh, aliyenyonyoka nywele baada ya kuugua, akanunua mafuta yaleyale. Naye wamemwanika. Tangu siku hiyo haji kunywa kahawa kwetu, nami najikausha kana kwamba sijaona. Nihame mtaa?

Mshauri anajibu:

Mwanangu, nimecheka, nisamehe, lakini nilipofika kwa Weizero Alganesh nikaacha.

Kwanza, chini ya barua umeniandikia jina kamili, namba ya simu na nyumba unayoishi. Nani alikuomba? Nimevifuta, na majina mengine nimeyabadilisha. Muuza mafuta anahitaji kujua pa kuleta chupa tu. Kitambulisho chako akifanyie nini? Siku nyingine uliza kabla ya kutoa.

Lakini aibu hii ni yao. Uliwapa picha wakutibu, hukuwapa ruhusa ya kuitangaza. Hifadhi nakala ya ukurasa huo leo, kabla hawajaufuta, pamoja na yote mliyoandikiana. Waandikie waondoe picha na wafute taarifa zako, kisha uwashtaki kwenye ofisi inayotetea wateja. Kampuni ya simu nayo iulize kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usiyoijua. Hao wauza meno, zifungie namba zao.

Na usiende peke yako. Bisha hodi kwa Weizero Alganesh, umwambie, “Hata mimi wameniweka.” Mama huyo amejifungia akidhani mtaa mzima unamcheka yeye, na wewe unayejua ukweli umekaa kimya. Nendeni pamoja mkashtaki. Lalamiko la wawili halitupwi kirahisi kama la mmoja.

Kuhama, usihame. Meklit ameuona utosi wako mbele ya mji mzima, na bado akakumiminia kahawa. Sasa anangoja aone kama anaolewa na mtu msema kweli. Mjibu leo, kabla wazee hawajavaa viatu.