Shimo la Ndizi na Baridi ya Kusini

Jumamosi, 12 Julai 2014. Kasulu

Nimefua, nguo hazikauki. Tangu juzi hazikauki. Ukungu unalala kwenye migomba mpaka karibu na mchana, na jua likitoka linatoka kwa kulazimishwa.

Tumevundika ndizi leo. Shimo nyuma ya jiko, majani makavu chini, mikungu ya ndizi za pombe, majani mabichi juu, kisha udongo. Pembeni kijishimo cha moto ili joto liingie. Jumanne zitakuwa zimeiva, tutakamua. Pombe ichache, Ijumaa tuibebe kwenda Kibondo. Jumamosi mwanangu Yona anaoa, kijijini Murungu huko huko.

Upande wa mume ndio unaopeleka pombe ya ndizi, na baba wa binti ndiye anayeivuta kwanza kwa mrija, mbele ya watu wote. Ikikosekana au ikiwa mbovu, yeye hatasema kitu. Watasema wengine, tena kwa miaka.

Wifi Bernadeta, dada wa mume wangu, alitaka itengenezwe kwake, huko chini Makere. Nimekataa. Tangu niolewe mimi kwao ni "yule wa Tanga", nisiyejua hata kushika mgomba. Mtoto ni wangu, pombe itatoka kwangu. Basi.

Jumapili, 13 Julai

Baridi gani hii jamani! Redio inasema ni upepo wa kusini. Huko kusini kabisa ni majira ya baridi kali, sasa imesukumwa mpaka kwetu. Ukungu na manyunyu milimani, upepo na vumbi kwenye tambarare. Kanisani leo watu walikohoa kuliko walivyoimba. Muheza nilikokulia sikuwahi kuiona pumzi yangu mwenyewe.

Baba Yona ameenda kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Ameondoka amenuna kwa sababu koti lake ninalo mimi. Atanisamehe kukipambazuka.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeomba ruhusa shuleni wiki nzima. Darasa la pili nimemwachia mwenzangu.

Nimechungulia shimo asubuhi. Kidogo tu. Kijani tupu. Nimefunika haraka.

Wifi amepiga simu. Kwao upepo unataka kung'oa mabati, lakini jua lipo. "Leta mikungu huku kabla hamjaaibika." Nikamwambia zinaendelea vizuri. Uongo mtupu.

Jumanne, 15 Julai

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kukamua. Hakuna cha kukamua.

Manyunyu tangu alfajiri. Julai! Kuni zinatoa moshi, moto hazitoi. Nimefungua shimo tena, nimeminya ndizi moja. Ngumu kama mpini wa jembe.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo, naogopa. Kusimama Murungu mikono mitupu mbele ya wakwe. Mwanangu kuanza ndoa yake kwa kunong'onwa. Wale wazee wa upande wa binti walitoka Burundi na mkeka mmoja, wamejenga upya, leo ni raia na mashamba yao, lakini mambo ya harusi hawajapunguza hata moja. Yona anasema tununue kreti za bia. Nimemwambia bia haivutwi kwa mrija.

Jioni nimemeza kiburi. Nimempigia wifi aje.

Jumatano, 16 Julai

Wifi ameshuka kwenye basi na gunia la pumba kavu za mpunga. Chai hakunywa. Akalizunguka shimo, akainama, akagusa udongo, akauliza nani amekuwa akilifungua.

Nikasema mimi, mara mbili tu. Baba Yona akakohoa. Kumbe yeye kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Yona naye kila jioni. Na jirani Mama Shukuru, niliyemwomba atuangalizie nikitoka, alikuwa anafunua mchana, kwa wema wake. Kila mmoja kwa siri, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Ndizi zinajipasha joto zenyewe zikiachwa. Sisi joto tumelitoa lote kwa zamu, tukaingiza upepo wa kusini.

Wifi alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha kucheka.

"Ndizi si mgonjwa wa kujuliwa hali," akasema.

Akaongeza majani, akashindilia udongo, akawasha pumba kwenye kijishimo. Zinaungua taratibu, hazizimiki. Halafu akaomba kigoda. Akakiweka juu ya shimo, akakalia. Mpaka jioni. Chakula tumempelekea hapo hapo. Baba Yona alijisogeza akidai anatafuta jembe, akafukuzwa.

Nimechukia kwamba yeye ndiye aliyejua. Nimefurahi pia kwamba amekuja. Yote mawili.

Alhamisi, 17 Julai

Wifi kigodani tangu asubuhi, blanketi begani. Nimekaa naye nikichambua maharage. Tumeongea kuliko miaka yote. Aliniambia mwaka alipoolewa yeye, pombe ya upande wa mume ilifika imechuja, haina nguvu, na mama mkwe wake kwa aibu hakumsemesha mpaka alipojifungua. Sikujua. Ndiyo maana ana maneno makali kwenye harusi.

Mchana harufu. Tamu, nzito, imepenya udongo. Nimelia, sioni aibu. Tulipofungua, njano! Njano mpaka chini, isipokuwa mikungu michache ya pembeni.

Tumemenya sote, hata Baba Yona. Tumekanda kwa nyasi mpaka mtobe ukatoka, yale maji matamu ya ndizi. Tukaumimina kwenye pipa, tukatia mtama uliokaangwa na kusagwa. Mikono imekufa ganzi.

Sasa kuchacha. Kuchacha kunataka joto, nasi siku zimetuishia. Wifi akagusa pipa, la baridi, akasema hili halijui. Mara ya kwanza namwona hivyo.

Nikamkumbuka mama yangu. Msimu wa mvua alikuwa anaulaza unga wa maandazi kitandani, ndani ya blanketi, ndipo unaumuka. Lakini blanketi zetu zote ziko migongoni mwa wageni wa harusi waliokwishafika. Limebaki moja, jipya, bado kwenye nailoni. Zawadi ya kumpelekea mama wa binti. Nikachana nailoni. Pipa nimelisogeza karibu na mafiga, nimelivisha lile blanketi. Wifi alinitazama, akaingia ndani, akarudi na vitenge vyake viwili akaongezea juu.

Ijumaa, 18 Julai

Pipa linaongea! Povu mpaka juu. Asante Mungu. Asante Mungu.

Tumelipakia kwenye pikapu na blanketi lake. Njia nzima ya Kibondo vumbi na upepo. Tuliposhuka tambarare jua likatupiga sawasawa, kifuniko kikaanza kusukumwa. Yona alitaka kukikaza. Wifi na mimi tukamkemea kwa pamoja, pipa lingepasuka.

Jumamosi, 19 Julai. Murungu

Nimechoka. Naandika kwa ufupi.

Mzee alishika mrija. Akavuta. Akavuta tena, ndefu. Akafuta mdomo, akampa mdogo wake mrija. Vigelegele. Nikakaa kabla ya kukaribishwa.

Kisha akauliza nani ameitengeneza. Watu wote wakamgeukia wifi. Na mimi nikamgeukia.

"Ni wifi yangu huyu hapa," akasema Bernadeta, akinionyesha. "Mimi kazi yangu ilikuwa kukalia."

Hakusema yule wa Tanga.

Blanketi nimelitoa hivyo hivyo. Mama wa binti alilinusa, akacheka mpaka machozi, akasema leo atalala amelewa. Amejifunika hapo hapo.

Jumapili, 20 Julai. Kasulu

Ukungu umeondoka. Milima inaonekana yote. Nguo zimekauka kabla ya saa sita.

Baba Yona nimemrudishia koti lake, sasa halihitaji. Alichukua jembe akafukie shimo. Nimemwambia aliache, Eliya, mdogo wake Yona, naye anakua.

Tulipomshusha wifi Makere tukirudi alfajiri, aliniuliza kuhusu yale maandazi ya mama yangu. Nimemwahidi kumfundisha.

Kigoda chake kimebaki kando ya shimo. Nimekikalia, namalizia maharage. Jua liko mgongoni.