Kiti Changu cha Kuswalia

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Nakusalimu kutoka huku ugenini, mtaani Bellevue. Shangazi yako hajambo, ila saluni yake ya mtaa jirani wa Kensington inasuasua. Umeuliza kwa nini siku hizi naswali nimekaa kitini.

Kliniki walinipima presha nimelala, kisha nimesimama, ikashuka mno. Wakaniambia nivute pumzi ndefu huku mashine ikifuata moyo. Mapigo, ambayo hupaswa kupanda na kushuka kwa kufuata pumzi, hayakubadilika hata kidogo. "Eish, baba," nesi akasikitika. Akanieleza kuwa sukari yangu imeua mishipa ya fahamu ya moyo, na hairudi. Moyo unaweza kusimama bila kifua kuuma.

Nikamkumbuka baba yangu kule Tanga. Alikuwa na sukari, na kila akiinuka alipepesuka. Siku moja, mimi kijana, alituswalisha nyumbani, akasujudu. Tukangoja nyuma yake kwa heshima, tukidhani anarefusha dua. Kumbe ameshafariki. Mtaa mzima ulikisifu kifo kile, nami nikajivunia mpaka uzeeni.

Sasa sijui nilijivunia nini. Hakuna aliyewahi kumpima.

Mama yako naye ana sukari. Mpeleke akapimwe moyo, alale na asimame. Mimi nimechelewa. Siku wakikwambia babu yako kafa vizuri, usiwaitikie.

Babu yako